Kibogoyo Avuka Mpaka

Mtu mzima akipiga yowe "Amepotea! Binti yangu atanitoa roho!" kwenye benchi la mbele ya kinyozi, asitegemee watu wataendelea na shughuli zao. Hayo ndiyo yaliyompata dereva wa malori ya masafa ambaye kijiweni wanamwita Mpakani, kwa sababu hajawahi kuanza habari yoyote, hata ya jino kuuma, bila kutanguliza "siku moja nikiwa mpakani". Kinyozi alitoka mbio na mashine inanguruma mkononi, nyuma yake mteja ambaye kichwa chake kilikuwa nusu msitu nusu uwanja wa ndege. Dada wa kahawa alilitupa tambara alilokuwa anafutia vikombe. Skrubu, fundi simu mwenye meza yake pembeni ya benchi, alisimama na bisibisi mdomoni. Mzee Hakimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza swali la maana: mtoto alikuwa amevaa nguo gani? Hapo Mpakani akainua uso, akawaona wote wamemzunguka, na kwa aibu ya mtu aliyepiga honi msibani akawaonyesha alichoshika: vidude viwili vya gemu, vimeunganishwa kwa waya kama mbuzi wa kamba moja. Aliyepotea hakuwa mtoto. Alikuwa zimwi. Zimwi mdogo wa ndani ya gemu, mwenye jino moja, jina lake Kibogoyo.

— Hizo mvi ulizipata wapi, — kinyozi aliuliza, — au umeazima?

Akamshika mteja wake kichwa kama anayechagua tikiti sokoni, akarudi naye ndani.

Gemu yenyewe, kwa asiyeijua, haina ugumu. Unamtembeza mtu mdogo kwenye kioo, anaingia vichakani, anakutana na mazimwi, anawakamata na kuwafuga. Unawalisha, unawapeleka mazoezini, wanakua na kubadilika umbo kama kiwavi anavyogeuka kipepeo. Lakini wako wenye kiburi chao: hata uwalee vipi, hawakui mpaka uwakabidhi kwa mtu mwingine, kwa waya, kutoka kidude hadi kidude, naye akupe wake mmoja. Kibogoyo alikuwa wa ukoo huo. Binti yake Mpakani, msichana wa miaka kumi na mmoja, alimkamata mwanzo kabisa wa gemu, akamlea miaka miwili, na miaka miwili Kibogoyo akabaki vile vile, mfupi, kichwa kama mtungi.

Miaka miwili hiyo binti alikuwa ng'ambo ya mpaka, kwa mama yake, ambaye alihamia huko kikazi baada ya ndoa kufika ilikofika. Likizo ndiyo alikuja kwa baba. Likizo hii ilikuwa imeishia leo. Basi lilikuwa la saa kumi. Na jana yake, wakiosha vyombo, binti aliuliza bila kumtazama: "Baba, kabla sijaondoka, utanipokelea Kibogoyo?" Mpakani akajibu jibu la wazazi wote waliobanwa: "Tutaona, mama."

— Sasa tatizo liko wapi? — Skrubu aliuliza, akijisogeza kwenye benchi. Kitu chochote chenye betri humvuta kama sukari inavyovuta sisimizi.

— Tatizo ni mimi, — Mpakani alisema. — Hiki chake nilimnunulia hapa hapa. Hiki changu nilikinunua kule mbali, ile safari ya vipuri. Nikasema na mimi nijifunze, tuwe na la kuongea. Mwenye duka akaapa mpaka kwa marehemu mama yake: gemu ni ile ile, ndugu yangu, zimwi ni zimwi.

— Na wewe ukaamini.

— Kilikuwa na rangi nzuri.

— Kumbe ni toleo la kule, — Skrubu alisema, akikipindua kidude kutazama mgongo wake. — Kila kitu kimeandikwa kikwao.

— Kila kitu.

— Na umekichezaje muda wote huo?

— Kama ninavyokula ugenini. Unanyoosha kidole, kinacholetwa unashukuru.

Dada wa kahawa alicheka, akamimina kikombe, akamsukumia. Mpakani akanywa kwa mkupuo, akaungua ulimi, akaendelea kueleza huku anajipepea mdomo kwa kiganja. Alikuwa na hofu, alisema. Alisikia kwamba matoleo ya nchi mbalimbali hayaelewani, kwamba zimwi wa huku akienda kwenye kidude cha kule anaweza kuharibika, akarudi hana mkia, au asirudi. Basi leo, binti akiwa kwa shangazi yake anasukwa, akaona avichukue vidude vyote viwili aje ajaribu kwanza na zimwi asiye na maana, konokono mmoja hivi, kabla ya kumgusa Kibogoyo.

— Kidole kikateleza, — alisema. — Kikaangukia Kibogoyo. Kidude cha binti kikauliza: unamtoa? Nikabonyeza kitufe cha ekisi, yaani hapana, simtoi. Akaondoka! Nimemwona kwa macho yangu, anapunga mkono.

— Kwenye hiki ekisi ni ndiyo, — Skrubu alisema.

— Sasa hivi najua.

— Na kwenye chako?

— Kwenye changu duara ni ndiyo, ekisi ni hapana. Ndivyo nilivyozoea.

Mzee Hakimu aliinua kidole. Hakimu hajawahi kuhukumu hata kuku. Alikuwa mlinzi wa mahakama, akasimama mlangoni mpaka akastaafu, na kesi zote alizisikia kupitia tundu la kitasa. Ndiyo maana sheria zake zote ni nusu.

— Ngojeni hapo, — alisema. — Ekisi ni kukosa. Toka darasa la kwanza. Mimi daftari langu lilikuwa na ekisi nyingi kuliko maneno.

— Hilo halikuhitaji ushahidi, mzee, — alisema dada wa kahawa.

— Sasa inakuwaje kukosa kuwe ndio kukubali? Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Wahenga walisema hivyo kuhusu vitufe?

— Walisema kwa ujumla.

— Inakuwa hivyo hivyo, — Mpakani alisema. — Siku moja nikiwa mpakani...

— Tumefika, — Skrubu alinong'ona.

— ...kuna daraja jembamba, lori moja tu linapita. Upande wetu, dereva wa mbele akikuwashia taa maana yake ni "pita, ndugu". Nikawashiwa taa. Nikapita. Kumbe kwao kuwasha taa maana yake ni "kaa pembeni, mimi ndiye ninayepita". Tulikutana katikati, pua kwa pua. Yule bwana alishuka akanitukana kwa lugha yake, mimi nikamtukana kwa yangu, na kila mmoja alikuwa na haki kabisa. Mpaka tukachoka. Mwishowe ikabidi mimi nirudi kinyumenyume, na trela nyuma, huku wauza mahindi wananielekeza kila mmoja upande wake.

— Na ulijifunza nini? — aliuliza dada wa kahawa.

— Ningekuwa nimejifunza, Kibogoyo angekuwa wapi sasa hivi?

Skrubu alikuwa amekisogeza kidude cha baba karibu na pua. Kwenye kioo Kibogoyo alionekana, amekaa chini, kichwa chake kile kile cha mtungi. Juu yake, mahali pa jina, palikuwa na visanduku vitatu vitupu. Chini yake palikuwa na swali la mistari miwili, kwa herufi kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika, na majibu mawili ya kuchagua. Kidude hakikukubali kufanya jambo lingine lolote mpaka kijibiwe.

— Mzee wangu, si huyu hapa. Hajapotea. Bonyeza duara, mambo yaishe.

— Duara ni ndiyo. Ndiyo ya nini? Kama kinauliza "nimfute"?

— Basi bonyeza ekisi.

— Na kama kinauliza "nimrudishe salama kwa mwenyewe"?

Skrubu alikuna kichwa. Ziko simu, alisema, ambazo ukizielekeza kwenye maandishi zinakufasiria papo hapo. Wote wakageuka kutazama meza yake. Simu zilikuwepo nyingi, zote zimepasuliwa matumbo. Ya Skrubu mwenyewe ilikuwa imeisha bando. Ya Mpakani na ya Hakimu ni za tochi, na sifa yake kubwa ni kwamba zikianguka kisimani zinaelea. Ya dada wa kahawa ilikuwa nyumbani inachajiwa. Kinyozi aliulizwa kupitia dirishani. Akajibu kwamba simu yake haitumiki kwa mambo ya mazimwi.

— Mimi sielewi jambo moja, — dada wa kahawa alisema, akiketi juu ya kigoda chake. — Kwa nini watu watengeneze gemu moja, halafu waifanye mara tano, mara sita, kila nchi na yake?

Swali hilo lilikuwa kama mfupa uliorushwa katikati ya mbwa.

— Sheria, — alisema Hakimu. — Kila nchi ina mwendesha mashtaka wake. Kuna nchi zimwi akivuta sigara ni kesi, na nchi nyingine asipovuta wanamshuku.

— Hilo la sigara umebahatisha lakini ni kweli, — alisema Mpakani. — Kwenye changu kuna mzee mmoja anakaa getini na sigara mdomoni. Kwenye cha binti mzee huyo huyo, geti hilo hilo, ana pipi ya kijiti.

— Umeona!

— Na kuna jengo la ghorofa moja mjini. Kwenye changu ni nyumba ya kamari. Cha binti, duka la maua.

— Mwenye nyumba mmoja? — Skrubu aliuliza.

— Mwenye nyumba mmoja, sura ile ile. Kule anakuchekea akila hela zako, huku anakuuzia waridi.

— Na yuko zimwi mmoja kwangu ana panga, — Mpakani aliendelea, maana sasa alikuwa amepata moto. — Kwa binti yuko hivyo hivyo, kasimama vile vile, mkono kaunyanyua vile vile, ila hana panga. Amenyanyua mkono mtupu. Kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Hata kinyozi alicheka kule ndani. Mteja akalalamika kwamba sikio lake si nywele.

— Mnahangaika bure, — alisema dada wa kahawa. — Hili birika si moja? Huyu Skrubu anataka chungu kama dawa ya minyoo. Hakimu anataka sukari mpaka kijiko kisimame chenyewe. Mpakani anataka na tangawizi, halafu analalamika inawasha. Kahawa ni hiyo hiyo, naipika mara moja. Namiminia kila mtu anavyoweza kumeza.

— Lakini ukinipa kikombe cha Skrubu, — Hakimu alisema, — nakurudishia.

— Ndiyo. Na yeye akipewa chako, anakufa kwa kisukari. Kwa hiyo kila mtu akae na kikombe chake, asiwachanganyie wenzake. Ndiyo gemu ilivyofanya.

Ilikuwa hoja nzuri, na kijiweni hoja nzuri haiachwi ikae peke yake. Skrubu akatoa bisibisi mdomoni, dalili kwamba sasa anaingia kwenye fani.

— Tatizo ni nafasi, — alisema. — Humu ndani kila kitu kina chumba chake. Kule kwao jina zima linaenea kwenye alama tatu, basi wakajenga chumba cha jina cha watu watatu. Sasa Kibogoyo hesabuni: ke, i, be, o, ge, o, ye, o. Herufi nane! Amefika mlangoni na familia nzima, anaambiwa humu wanalala watatu. Na hao watatu wenyewe hawafahamiki, hakuna anayejua kuwaandika. Ndiyo hivi visanduku vitupu.

— Na zile tano nyingine? — aliuliza Hakimu.

— Zipi?

— Nane toa tatu. Zile herufi tano zilizokosa chumba. Ziko wapi?

Skrubu aliutazama waya. Fundi hapendi kukosa jibu mbele ya wateja watarajiwa.

— Kwenye waya, — alisema.

Hakimu aliuchukua waya kwa uangalifu mkubwa, akausogeza sikioni, akautikisa. Akatikisa tena. Halafu akaurudisha taratibu, uso wake ukiwa wa mtu aliyesikia kitu ila haruhusiwi kukisema.

— Mimi nitawaambieni ukweli, — alisema, sauti chini. — Hii si gemu. Hiki ni chuo. Walioitengeneza ni maafisa wa uhamiaji waliostaafu. Wanataka mtoto, tangu ana miaka saba, azoee kuambiwa: wewe na huyu mnafanana, mnacheza mchezo mmoja, lakini yeye wa kule, wewe wa huku, hampitishani. Akifika miaka ishirini akasimama dirishani na pasi yake, akaambiwa hupiti, hata hashangai. Anasema, aa, nakumbuka, hata zimwi wangu hakupita. Mchagua jembe si mkulima!

— Jembe limeingiaje? — dada wa kahawa aliuliza.

— Limeingia tu.

Walicheka, lakini Mpakani hakucheka sana. Amesimama kwenye madirisha hayo nusu ya maisha yake. Anajua jinsi mtu anavyojiweka sawa kola, anavyobadilisha hata sauti, akawa mpole kuliko alivyo, ili yule aliye nyuma ya kioo amwone kuwa ndiye yule wa kwenye picha. Mara nyingine amevuka na kugundua saa nzima baadaye kwamba bado anaongea kwa ile sauti.

— Isitoshe hakuna anayevuka, — Skrubu alisema.

— Unasemaje?

— Kifundi. Mnadhani zimwi anatambaa ndani ya waya kama panya? Hapana. Kidude hiki kinapeleka maelezo tu: ana jino moja, kichwa kikubwa, nguvu kiasi fulani. Kile kinapokea maelezo, kinachora mwingine. Halafu hiki kinamfuta wa mwanzo. Kwa hiyo yule wa binti alishafutwa. Huyu hapa ni mwingine, aliyechorwa kule kwa maelezo ya yule.

  Mpakani alikuwa anakitazama kile kioo, na uso wake, ambao watu wamezoea kuuona ukitafuta mahali pa kuweka utani, haukuwa unatafuta kitu.

Dada wa kahawa alimwangalia. Akachukua kikombe cha Mpakani, akakijaza bila kuulizwa.

— Kaka, — alisema. — Hilo zimwi ni la gemu. Wewe kinachokuuma nini?

— Hakuna.

— Haya. Kunywa.

Alikunywa. Alipuliza kwanza safari hii.

— Alipofika, — alisema mwishowe, — nilikuwa nimemnunulia biskuti zile za nazi. Zamani alikuwa anazificha chini ya mto, tunaamka na sisimizi. Akasema, asante Baba, siku hizi sili. Sawa. Mtoto anakua, si ndiyo? Nikatoa utani wangu ule wa tairi la nne. Alikuwa akiusikia anaanguka chini. Safari hii akacheka, lakini alicheka baadaye kidogo. Kama mtu anayefasiriwa.

— Utani wenyewe si mzuri, — alisema Hakimu kwa upole.

— Najua si mzuri. Haujawahi kuwa mzuri, lakini ulikuwa wetu. — Akakiweka kikombe chini. — Juzi mama yake akapiga simu. Mtoto anaongea naye pale dirishani, mimi napiga pasi. Nikamsikia anasema: "Nikirudi nyumbani nitakuonyesha, sasa hivi niko kwa Baba." Hakuwa na nia mbaya. Amesema tu. Nyumbani, kule. Huku, kwa Baba.

 Mpakani akacheka kidogo, cheko la kufunga mlango.

— Shati likaungua kola.

— Kwa hiyo ndiyo maana ukavileta hapa, — dada wa kahawa alisema, — badala ya kumsubiri mwenyewe.

— Mtoto amenipa kitu kimoja tu cha kumpokelea. Kimoja. Na mimi nimenunua kidude ambacho hata jina la mtoto wake hakiwezi kuliandika. Saa kumi anapanda basi. Nitamwambiaje? Kwamba amefika kwa baba yake, akafutwa, akachorwa mwingine?

Skrubu alijuta. Unaweza kumwona fundi anapojuta: alianza kupanga skrubu zake kwa ukubwa.

— Nilikuwa nasema kifundi tu, mzee wangu. Si kwamba...

— Najua.

Hakimu akaona zamu ya kufariji ni yake, kwa umri. Akakohoa, akamshika Mpakani bega.

— Usihuzunike. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mpakani alifumba macho aliposikia neno mgeni.

— Mzee, — dada wa kahawa alisema, — leo hujapatia hata moja. Na la jembe ni la pili.

— Nimekusudia zimwi! Kwamba labda kinauliza apewe kazi gani!

Hapo ndipo Skrubu alipopiga mluzi mdogo, mluzi wa kijiweni wa kuonya kwamba anayesemwa anakuja. Binti alikuwa anavuka barabara kutoka kwa shangazi yake, nywele mpya zimebana mpaka nyusi zimepanda, anatembea bila kugeuza shingo kama aliyebeba ndoo. Mpakani alivikusanya vidude vyote viwili, akavisukuma chini ya shati, akakunja mikono juu ya tumbo, akaanza kutazama mawingu.

— Shikamooni, — binti alisema.

— Marahaba, — walijibu kwa pamoja, kwa sauti nzuri kupita kiasi.

— Umependeza, mama, — alisema Mpakani.

— Asante. Baba, waya unaonekana.

Ulikuwa unaning'inia mpaka kwenye goti. Mpakani alishusha pumzi, akavitoa vidude, akaviweka kwenye benchi kama mtu anayetoa vitu mfukoni mbele ya askari. Binti alichukua chake kwanza. Akaona mahali pa Kibogoyo pamekaa konokono wa baba yake, mwenye jina la vijiti vya kiberiti. Dada wa kahawa alishika mpini wa birika. Skrubu aliangalia viatu vyake. Binti akakiweka chini, akachukua cha baba yake, akakisogeza karibu.

— Kumbe ameshafika, — alisema.

— Mama, nisikilize, nilikuwa najaribu tu, kidole...

— Amefika saa ngapi?

— Muda kidogo, — Hakimu alisema kwa niaba ya wote.

— Amekula?

Mpakani alimtazama Skrubu. Skrubu alimtazama Hakimu. Hakimu, ambaye kwa maisha yake yote hajawahi kuulizwa swali akakosa methali, alifungua mdomo na methali haikuja. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na mteja wake, mwenye kichwa kilichokamilika sasa, na wao pia hawakujua.

— Kwani hilo swali, — Skrubu aliuliza polepole, — unaweza kulisoma?

— Siwezi. Lakini kila akifika mahali papya anauliza kama utamlisha. Hata changu kinauliza, huwa kinang'ang'ania hivi hivi mpaka umjibu. — Aliwatazama mmoja mmoja, wazee kwa vijana, na vikombe vyao vitupu. — Mmekaa naye hapa muda wote mnafanya nini?

 Waya ulikuwa bado umelala kwenye benchi, Hakimu akausogeza pembeni.

— Ngoja kwanza, — Mpakani alisema. Hakuwa na utani wowote mkononi. — Nataka uniambie ukweli, maana saa kumi utaondoka na mimi nitabaki naye. Jina lake halisomeki huku. Fundi anasema huenda si yule. Ametoka kwako, yuko kwangu, kidude hiki hakimjui, mimi mwenyewe sijui nimwiteje. Akikaa huku mpaka likizo nyingine, je, atakuwa bado ni yule yule? Atakuwa wako, au wangu, au wa nani?

Binti alimwekea kidude mikononi, akakisukuma kidole gumba chake mpaka juu ya duara.

— Baba, ana njaa. Mlishe.